Ramani ya Mbaruku

Mimi kazi yangu ni kumtia mtu hamu, kisha nimnyime. Ukiniuliza kwa adabu nitakwambia mimi ni fundi wa ramani katika Kituo cha Kifutio hapa Tanga, lakini kwa lugha ya nyumbani ndiyo hiyo. Namvalisha mgonjwa kofia, namwonyesha vitu, naangalia ubongo wake unarukia wapi. Panaporuka natia alama. Alama zikitosha, Daktari Ngonyani anakuja na kifutio chake, na pale palipokuwa panaruka panalala.

Watu huko nje wanadhani tunafuta unga. Unga wenyewe hutoka mwilini kwa siku chache tu, hauhitaji daktari, unahitaji ndoo ya kutapikia na mtu wa kukushika. Kinachobaki ni njia ulizozichimba kichwani, na ndizo sisi tunazozifukia. Nimezifukia nyingi mno. Siku hizi nachoka kabla sijaanza kazi, na mtu akinisalimia "habari za asubuhi" naona kama ananichokoza.

Mbaruku aliletwa asubuhi, na gari la kituo, lile lisilo na dereva. Alishuka yeye na mama yake, Bi Mwanaheri. Mwanamume wa karibu miaka arobaini, mrefu, meno ya mbele hana, mikono ameificha kwenye shati refu jua lote lile. Zamani alikuwa fundi wa kuchomea mageti, na mageti yake bado yapo mjini. Mama yake alikuwa mfupi, mkavu, mwenye kikohozi kidogo cha mara mbili mbili alichokitanguliza kila alipofika mlangoni, badala ya hodi.

Nilimuuliza Mbaruku jina, mama akajibu. Nikamuuliza ametumia kwa muda gani, mama akajibu tena, miaka kumi na minne. Nikamuuliza kama amelala jana, mama akasema amelala kidogo tu, alfajiri.

"Mama," nikamwambia, "kofia atavaa yeye au utavaa wewe?"

Alicheka, masikini, akaziba mdomo kwa mtandio. Akaenda kukaa kwenye benchi la nje.

*

Chumba cha vishawishi hakina madirisha. Nilimkalisha Mbaruku, nikambana kofia, nikaanza na vitu vya halali, kama tunavyofanya siku zote. Harufu ya pilau. Mstari wa hamu yake kwenye kioo cha mashine ukatikisika kidogo ukarudi chini. Sauti ya watu wakishangilia goli. Ukalala. Picha ya mwanamke mzuri, upepo wa baharini, noti mpya za pesa. Ukalala, ukalala, ukalala.

Hapo ndipo ndugu wa wagonjwa wasipoelewa. Wanakuja wakilalamika: tumempikia hali, tumemtafutia mke hamtaki, ana roho gani huyu? Si roho. Ubongo una vipokezi vya kupokelea furaha. Ukiumwagia furaha ya mafuriko kila siku, unavipunguza ili ujiokoe. Basi siku unga haupo, vilivyobaki havitoshi hata kuonja wali. Chakula anakiona, ila hakimfikii. Na kule mbele, nyuma ya paji la uso, ambako wewe na mimi tuna sauti ya kutuambia "ngoja kwanza", Mbaruku palikuwa pamefifia. Sauti ipo, lakini inanong'ona, na unga unapiga kelele.

Nikaingia kwenye vitu vyenyewe. Mlio wa kiberiti cha gesi. Mstari ukapanda. Karatasi ya foili ikikunjwa. Ukapanda zaidi, naye akaanza kujikuna shingo. Sawasawa, nikasema, tunaelewana. Nikatia alama zangu.

Kisha nikafungua chupa ya udi. Udi tunautumia kupumzisha mashine, maana ni harufu ya heri, kila nyumba ya huku inayo, na mgonjwa akiinusa hutulia. Mstari wa Mbaruku ukapanda ukapita foili.

Nilidhani waya umelegea. Nikaukaza, nikangoja, nikafungua tena. Ukapanda vilevile. Nilikuwa nimeinama natafuta hitilafu chini ya meza, na hapo hapo nikasikia kikohozi mlangoni, mara mbili. Bi Mwanaheri akachungulia kuuliza kama mwanawe amekunywa chai.

Mashine ikalia. Mstari ulikuwa umetoka nje ya kioo.

Nikamwomba mama atoke. Ukashuka. Nikamwomba aingie, ukapaa. Nikamrekodi sauti, nikamrudisha kwenye benchi, nikacheza sauti peke yake: ukapaa. Nikacheza kikohozi tu. Mbaruku akafumba macho, jasho likamtiririka, akaniambia kwa upole kabisa, "Dada Saumu, tafadhali, nipe hata kidogo."

*

Nilikwenda kukaa na mama kwenye benchi. Nilitaka kumuuliza kwa kuzunguka, lakini kuzunguka nako kunahitaji nguvu. Nikamuuliza moja kwa moja, mwanao alikuwa anatumia wapi?

Akanieleza. Wanakaa vyumba vya kupanga Makorora, ukuta mmoja na majirani. Mwanzoni Mbaruku alikuwa anakwenda magofuni na wenzake. Kisha mtoto wa jirani akakutwa amekufa chooni, sindano ingali mkononi, na watu wakaja kumtazama kabla hajafunikwa. Bi Mwanaheri akaapa wa kwake hatafia chooni. Akamwambia mwanawe, kama ni lazima, basi fanyia chumbani kwako, na mimi nitakaa mlangoni. Akawa anakaa. Kila Mbaruku alipokuja na kete yake ya unga, mama alikohoa kumjulisha kwamba yupo, akawasha chetezo, akafukiza udi nyumba nzima ili majirani wasisikie harufu, akakaa na tasbihi yake akisikiliza kama mtoto anapumua. Majirani wakimtania, "Bi Mwanaheri, kwako kila siku Ijumaa?", aliwajibu kwamba mwenye neema hanusi peke yake.

Nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Nilisema kwa uchovu tu, si kwa ubaya.

"Naijua hiyo," akasema. "Aliyeisema hakuwa na ukuta mmoja na watu."

Basi ikanibidi nimweleze. Ubongo haujui nia ya mtu. Unajua kilichotangulia na kilichofuata, basi. Kwa miaka yote hiyo, kilichotangulia kilikuwa kikohozi cha mama, udi wa mama, mama mwenyewe mlangoni, na kilichofuata ilikuwa nafuu. Mtoto anaumwa arosto, mifupa inamchoma, mama anatokea, maumivu yanaisha. Rudia hivyo kila siku na ubongo unaandika: huyu ndiye mwanzo wa raha. Sasa akimwona tu, unaanza kudai.

Alijifunga mtandio vizuri.

"Kwa hiyo mimi ndiye kete yake?"

Nikamwambia hapana. Kisha, kwa kuwa sipendi kumdanganya mtu mzima, nikamwambia karibu na hivyo.

Hakulia. Alisema ndiyo maana. Nikamuuliza ndiyo maana nini. Akasema aliwahi kumpeleka Mbaruku Singida kwa mjomba wake, akakaa miezi, akanenepa, akarudia ufundi. Siku ya Idi mama akampigia simu kumpa mkono wa Idi. Mjomba huyo alimsimulia mama baadaye kwamba Mbaruku alipokea, akasikia "baba, hujambo?", akaiweka simu juu ya meza ikiwa bado inazungumza, akatoka getini kutafuta unga. Bi Mwanaheri siku zote alidhani ni shetani wa Idi. Kumbe alimpigia mwenyewe.

*

Daktari Ngonyani ni mtu wa Songea, mpole, hana makelele. Alituweka ofisini kwake mimi na mama na akaeleza mambo kwa utaratibu. Moyo wa Mbaruku umeshaliwa na sindano chafu, milango yake haifungi vizuri. Akirudia unga mara moja tu, moyo hautavumilia. Kwa hiyo njia ni mbili. Tukifuta foili na kiberiti na vijiwe tukaacha sehemu ya mama, atarudi nyumbani, atasikia kikohozi, na tutamzika. Tukifuta na sehemu ya mama, ataishi.

Mama akauliza, je, atanisahau?

Hapana, akasema Ngonyani. Kumbukumbu zinakaa kwingine. Atakujua jina, atajua ulimzaa, ulimsomesha, ulimuuguza. Atayajua kama unavyoyajua yaliyofundishwa shuleni. Ila kile kinachomfanya mtu ageuze shingo akisikia sauti ya mamake, hicho kitalala, na daktari hawezi kuahidi kwamba kitaamka.

Mama akasema fanyeni. Hakufikiri hata kidogo. Ngonyani akamwambia kwa heshima kwamba si yeye wa kusema.

Sheria inataka ridhaa mbili. Mgonjwa anaulizwa mara ya kwanza akiwa amepewa dawa na ametulia, na mara ya pili akiwa na arosto, maana mtu wa unga ni watu wawili na wote wana haki. Majibu yakifanana, tunaendelea. Yakitofautiana, fundi wa ramani ndiye anayeamua lipi lilikuwa la mtu na lipi lilikuwa la unga. Waliotunga sheria hiyo walikuwa wamelala vizuri usiku.

Mbaruku akiwa ametulia alikataa. Alisema nifutieni mji mzima mkitaka, mama sitoi, bora nife naye. Akiwa na arosto, akitetemeka meno yakigongana, alikubali kila kitu. Angekubali hata tumtoe figo.

Ngonyani akaniletea kibao cha sahihi, akasema mashine ina foleni, na akaniachia.

Nikakaa na ramani yake. Wa kwanza amekataa. Je, ni mwana anayemtetea mama, au ni unga unaolinda mlango wake wa mwisho? Wa pili amekubali. Je, ni mtu anayetaka kupona, au ni mwili unaotaka maumivu yaishe hata kwa kuuza mzazi? Nilirudia rekodi ya pale aliposema "mama sitoi", nikatazama ni wapi palipowaka. Palikuwa palepale penye foili. Mapenzi na unga vilikuwa vimekaa chumba kimoja miaka yote hiyo, na mashine yangu, pamoja na bei yake yote, haikuweza kuniambia nani ni nani. Nilichukia. Niliichukia sheria, nikamchukia Ngonyani na upole wake, na nikamchukia kidogo Bi Mwanaheri kwa kumpenda mtu namna ile.

*

Hairuhusiwi ndugu kuwepo ridhaa inapoulizwa. Nilimwingiza Bi Mwanaheri hata hivyo. Nilimpa Mbaruku dozi ndogo, ya kumweka katikati, asiwe ametulia wala asiwe anakufa, nikamwacha na kofia kichwani. Mama akakohoa mlangoni kwa mazoea. Mstari ukapaa, na Mbaruku akashika kingo za kiti kwa mikono miwili, lakini alibaki ameketi.

Mama alikuja na hoja yake tayari. Alimwambia wanachokitoa ni chako, baba, changu hawakigusi. Mimi nitaendelea kukupenda kama kawaida, hujapoteza kitu. Akamwambia wako watoto wangapi hawawapendi mama zao na wanaishi salama, wanajenga na nyumba. Alijaribu hata kumchekesha, kwamba sasa ataweza kusema wali wake una chumvi nyingi bila kuogopa.

Mbaruku alitikisa kichwa tu.

"Nikikutazama nisikuone," akasema, "nitakuwa nimepona nini?"

Mama alikaa kwenye kiti changu, magoti yao yakakaribiana, wakatazamana. Mimi nilijifanya nashughulika na nyaya.

Mbaruku alimtazama mamake uso, akashuka mikono, akashuka miguu iliyovimba juu ya kandambili. Nadhani hakuwa amemtazama hivyo kwa miaka. Mtu mwenye hamu hatazami, anapita.

"Mama," akamwuliza, "umechoka?"

"Mimi sija..." mama akaanza, upesi, kama aliyezoea kujibu hilo kila siku. Kisha akaishiwa. Nilimwona mabega yakishuka.

"Nimechoka, baba," akasema. "Nimechoka sana."

Mbaruku alilia bila sauti, machozi yakimwingia kwenye pengo la meno. Mstari ulikuwa juu kabisa, mashine ikilia, na mimi nikaizima sauti. Halafu akanigeukia mimi, si mama.

"Dada, fanyeni," akasema. "Apumzike."

Hayo ndiyo majibu niliyoyaandika. Ngonyani aliponiuliza ni sauti ya nani, nikamwambia ya mwenyewe. Ukweli ni kwamba ilitoka kwenye chumba kilekile tulichokuwa tunakwenda kukifuta, na nilijua hivyo nilipotia sahihi. Lakini unga sijawahi kuusikia ukiuliza mtu mwingine kama amechoka.

*

Kifutio hakina cha kusimulia. Mtu analala, mashine inavuma, mtu anaamka. Mbaruku alipoamka alisema kichwa chepesi, akaomba maji.

Baada ya hapo kuna jaribio. Lazima tulete kilekile kilichokuwa kinamrusha, tuone kama bado kinamrusha. Foili, kiberiti, udi: mstari ulilala. Kisha nikaenda kumwita mama. Nilikuwa nimeshamfundisha mstari ni upi na ukilala maana yake nini, kwa sababu aliniomba.

Alikohoa mlangoni mara mbili. Akaingia.

Mstari haukutikisika.

Alisogea hadi mbele yake, akasema baba, hujambo? Mbaruku akainuka kwenye kiti, maana ana adabu, akaupokea mkono wake kwa mikono miwili. "Shikamoo, mama. Pole na kungoja." Alisema kama ambavyo angemwambia mama yeyote aliyemkuta hospitalini. Mstari ulikuwa umelala, mnyoofu kama umechorwa kwa rula. Wauguzi wakapiga makofi. Ngonyani akaja akanipa mkono, akasema ramani safi, Saumu, kazi nzuri.

"Marahaba, baba," akasema Bi Mwanaheri. Alikuwa hamtazami mwanawe, anatazama kioo. "Alhamdulillahi," akasema, na nadhani alimaanisha.

Nje aliniuliza kama itarudi. Nikamwambia vipokezi vitaota upya, taratibu, chakula kitaanza kumfikia, na jua, na mpira. Ubongo huchimba njia mpya kwa vitu vidogo vidogo vya kila siku. Kama mojawapo itakwenda kwake, sijui, na nisimdanganye. Akauliza, je, sasa nikikaa naye hatadhurika? Nikamwambia kaa naye utakavyo. Akashukuru, akakaa kwenye benchi kungoja gari la kuwarudisha.

Niliporudi na karatasi zao nilimkuta amelala. Amelala kweli, mdomo wazi, mtandio umemteremka, anakoroma katikati ya korido watu wakipita. Kwa miaka yote ile alikuwa analala sikio moja likiwa mlangoni kwa mwanawe, anahesabu pumzi. Sasa pumzi zilikuwa salama na usingizi wote wa madeni ulikuja siku moja.

Mbaruku akatoka, amevaa nguo zake, mikono ya shati ameikunja. Akasimama mbele ya benchi akimtazama. Niliutafuta uso wake, nikitaka nione chochote. Ulikuwa uso wa mtu mwema aliyefika ugenini na hajui viatu vinavuliwa wapi.

"Dada," akaniuliza kwa sauti ya chini, "nimwamshe, au nimwache?"

Nikamwambia amwache. Nikamwambia akae naye.

Akakaa. Aliacha nafasi ya mtu mmoja katikati, akaweka mikono magotini. Baada ya muda akaniuliza akae mpaka lini, na nikamwambia, mpaka aamke.